Mama ana magoti, mna siku tatu tu, Angkor mtaiweza? Jibu langu refu

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga anayefanya biashara ya nguo: "Mwezi wa pili naenda Bangkok kuchukua mzigo, na safari hii naenda na mama, ana miaka 66 na magoti yanamsumbua. Tukimaliza mzigo tunabaki na siku tatu, nataka tuvuke Kambodia tukaone Angkor Wat. Watu wananichanganya, mmoja ananiambia siku moja inatosha, mwingine anasema nisipoteze hela, ni mawe tu, ukiona hekalu moja umeyaona yote. Mama naye anauliza sisi Waislamu tunaingiaje kwenye mahekalu ya watu. Tupangeje?"

Dada, za Tanga. Kwanza kabisa mama mfikishie shikamoo yangu na mwambie safari hii anaiweza, tena kuna sehemu ataiweza kuliko vijana wengi ninaowaona pale, maana vijana wanakimbia na yeye magoti yatamlazimisha aende polepole, na Angkor, huo mji wa kale wa wafalme wa Khmer wenye mahekalu mengi, ukienda polepole ndiyo unaiona.

Jibu la haraka ni hili: siku moja haitoshi, siku mbili kamili zinawatosha kabisa. Na huyo aliyekwambia ni mawe tu mimi simlaumu, kweli aliona mawe, kwa sababu ndivyo safari nyingi za pale zinavyopangwa, unaamshwa saa 10 usiku, unapelekwa kupiga picha ya jua likichomoza nyuma ya minara, halafu ikifika saa 8 mchana umeshapitishwa mahekalu sita saba, jua linachoma, miguu imekufa, na kichwani kila kitu kimechanganyika. Mimi kazi yangu ni majengo ya kale, miaka mingi niko na magofu ya pwani yetu huko Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na Angkor nimeenda mara nne, lakini mara ya kwanza nilizungushwa hivyohivyo na usiku nikiwa hotelini napitia picha sikuweza kusema hii ni ya hekalu gani na ile ya lipi. Iliniuma sana. Tangu siku ile ushauri wangu kwa kila anayeniuliza ni mmoja, usihesabu mahekalu, chagua matatu uyasome. Nyinyi nawachagulia Angkor Wat, Bayon na Banteay Srei, na Ta Prohm mtaipitia njiani kwa sababu ya miti yake.

Kabla ya mawe tumalize makaratasi maana hapa ndipo watu wanaumia. Viza ya Thailand angalieni kama ni ya kuingia mara moja au zaidi ya mara moja, kwa sababu ile ya mara moja ukishatoka kwenda Kambodia imekwisha, unarudi Bangkok kwenye mzigo wako unakuta mlango umefungwa, kwa hiyo ama muombe ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo au mchukue kibali cha kurudi kabla hamjatoka. Viza ya Kambodia shughulikieni mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya serikali yao mkiwa bado nyumbani, na muwe makini maana kuna tovuti nyingi za madalali zinazofanana na ile rasmi. Kitabu cha njano cha homa ya manjano mtembee nacho, msikiache kwenye begi kubwa. Halafu jambo kubwa, msipange basi. Zamani watu walikuwa wanatoka Bangkok kwa barabara mpaka Poipet pale mpakani halafu Siem Reap, mji ulio jirani na Angkor, lakini mwaka 2025 nchi hizi mbili zimepigana mpakani, Julai na tena Desemba, na vituo vya mpaka vya nchi kavu vilifungwa tangu Juni mwaka ule, kwa hiyo nyie pandeni ndege tu, ni kama saa moja hewani, na kabla ya kulipa tiketi soma habari za wiki hiyo ujue hali ikoje. Uwanja wa ndege wa Siem Reap ni mpya, ulifunguliwa Oktoba 2023, na uko mbali na mji, zaidi ya kilometa 40, wekeni saa nzima ya njiani kwenda na saa nzima kurudi. Ule uliokuwa karibu na mji haufanyi kazi tena ya abiria, sasa mtu akikuonyesha ushauri wa zamani kwamba ukishuka tu uko mjini usimsikilize.

Tiketi ya kuingia kwenye eneo la Angkor ni moja kwa mahekalu karibu yote. Ya siku moja ni dola 37, ya siku tatu dola 62, ya siku saba dola 72. Kwa siku zenu mbili msinunue mbili za siku moja, hiyo ni dola 74 kwa kila mtu, nunueni ya siku tatu hata kama ya tatu hamtaimaliza, maana pia sio lazima zifuatane, unazitumia ndani ya siku 10. Inauzwa mtandaoni na kwenye kituo chao kikubwa cha tiketi, tiketi ina picha yako na mnaikaguliwa kila geti, basi isikae kwenye pochi ya mama huku wewe uko mbele. Dola mbili za kila tiketi zinakwenda kwenye hospitali za watoto za Kantha Bopha ambazo zinatibu bure, mimi hiyo huwa inanifanya nilipe bila kinyongo. Na kuhusu dola, bebeni noti safi na ndogondogo, yenye mchaniko hata kidogo wanaikataa, chenji watakurudishia kwa riel, kama 4,000 kwa dola moja.

Mpango wenyewe sasa. Siku ya kwanza mnafika mchana, mama apumzike, msifanye kitu. Siku ya pili ni Angkor Wat asubuhi na Bayon jioni. Siku ya tatu asubuhi Banteay Srei, mkirudi mnapita Ta Prohm, ndege ya usiku. Kama ndege yenu ni ya mchana basi ongezeni usiku mmoja, msijibane.

Angkor Wat wengi watakwambia lazima uwe pale saa 11 alfajiri kabla ya jua. Mimi kwa mama nasema hapana. Kule mbele ya bwawa watu wanasimama gizani wamebanana mabega, hakuna pa kukaa, na mawingu yakija hamna kitu. Fikeni kama saa 1 asubuhi, jua limeshatoka na kundi kubwa linaondoka kwenda kunywa chai mahotelini, mnapishana nalo mlangoni. Februari asubuhi bado kuna ubaridi mzuri, mvua hamna, ni mwezi mzuri sana mmeuchagua, jua kali lenyewe linakuja Machi na Aprili.

Mkivuka daraja la handaki la maji simameni kidogo katikati. Upana wa hayo maji ni karibu mita 190, na ukilizunguka handaki lote umetembea zaidi ya kilometa 5, vyote vimechimbwa na mikono ya watu nusu ya kwanza ya karne ya 12 wakati wa mfalme Suryavarman wa Pili. Watu wanadhani ni pambo au ulinzi. Mimi kama mtu wa majengo nakwambia yale maji yana kazi nyingine, yanasaidia kulibeba hekalu. Chini kule ni mchanga, na wewe umekulia Tanga unajua mtoto akijenga nyumba ya mchanga Raskazone, mchanga mkavu unabomoka hapohapo, ulioloa unashika. Maji ya handaki yanafanya mchanga wa chini usikauke wakati wa kiangazi, kwa hiyo msingi hauchezi hata msimu ukibadilika. Ndiyo maana mji wa Siem Reap ulipokua na kila hoteli ikawa inavuta maji ya kisima, wahifadhi walipata hofu kubwa, sio hofu ya uzuri, hofu ya minara kukaa vibaya.

Kutoka mwanzo wa daraja mpaka kwenye hekalu lenyewe ni zaidi ya nusu kilometa, ni tambarare, mama aende kwa hatua zake na mwavuli. Kisha kuna ngazi chache za kupanda kufika kwenye ushoroba wa kwanza, sehemu nyingine wameweka ngazi za mbao juu ya zile za mawe. Akishafika humo kazi kubwa imekwisha, kwa sababu ushoroba umeezekwa, una kivuli, chini ni sawa isipokuwa vizingiti vya milango ambavyo ni virefu, hapo mshike mkono.

Sasa hapa ndipo pa huyo aliyesema ni mawe tu. Mkiingia kutoka magharibi geukeni kulia, michongo itakuwa mkono wenu wa kushoto, na ndivyo inavyosomwa, kinyume na mzunguko wa saa. Wengi wanageukia popote kisha hadithi inawapotea. Ukuta wa kwanza ni vita ya Kurukshetra kutoka Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu, majeshi mawili yanatoka kila upande yanakutana katikati, na uone mchongaji alivyofanya, pembeni askari wanatembea kwa mpangilio mzuri, kadiri unavyokaribia katikati mpangilio unavurugika mpaka ni miguu na mikuki na farasi tu. Mkikata kona kuingia upande wa kusini yanafuata maandamano ya mfalme mwenyewe, Suryavarman amekaa ametulia na miavuli imejaa juu yake, hesabuni miavuli kwa kila mkubwa anayepita, ndiyo ilikuwa namna ya kujua cheo. Kuna na kundi la askari wa Siam, yaani watu wa upande huo mtakakotokea, hawa wamechongwa wanatembea hovyo, kila mmoja anaangalia kwake, wakati wenzao wako kwenye mstari.

Baada ya hapo mama atasimama mwenyewe bila kuambiwa. Ni ukuta wa hukumu. Yama, mwamuzi wa wafu, yuko juu ya nyati na mikono yake mingi, juu wanakwenda watu wa peponi wamebebwa kwenye machela, chini wanakokotwa wengine kwa kamba zimepitishwa puani kama ng'ombe. Pepo 37 na jehanamu 32, na kwenye sehemu nyingi kuna maandishi madogo ya Kikhmer cha kale yanataja kosa la kila kundi, wezi, waongo, walafi. Nilikuwa pale na bibi mmoja wa Kikambodia anamwonyesha mjukuu wake kimoja kimoja kwa kidole, sikuelewa neno lakini nilielewa kila kitu.

Kisha mnageuka upande wa mashariki, ndipo ulipo ukuta ambao mimi ningekuwa na saa moja tu Angkor nzima ningeimalizia hapo. Una urefu wa karibu mita 49. Asura 92, yaani mashetani, upande mmoja, deva 88, yaani miungu, upande mwingine, wote wameshika joka moja refu, Vasuki, lililozungushwa kwenye mlima, wanalivuta huku na huku ili mlima uzunguke na kuikoroga bahari ya maziwa mpaka yatoke maji ya uzima. Ni kilekile anachofanya mama wa Kimasai na kibuyu cha maziwa akitafuta siagi, ila hapa kibuyu ndiyo bahari na kinachokoroga ndiyo mlima, na hadithi inasema walivuta miaka elfu. Katikati yuko Vishnu, mungu mkubwa wa Wahindu, chini kobe amebeba mlima mgongoni. Sasa msiishie kuangalia watu, inameni muangalie chini kabisa kwenye maji. Mbali na mlima samaki ni wazima, wanaogelea, unaona mpaka magamba. Sogeeni polepole kuelekea katikati. Samaki wanaanza kujikunja, halafu mamba wamekatika, halafu karibu na mlima kuna vipande tu, kichwa huku mkia kule, maana nguvu ya maji pale katikati inakata. Mtu aliyechonga hiyo karne ya 12 alikuwa ameyaangalia maji yanayozunguka kwa macho yake. Mimi nilipita hapo mara mbili bila kuona, mara ya tatu mlinzi mmoja ndiye alinionyesha kwa tochi yake akiishika pembeni ya ukuta sio mbele, mwanga wa pembeni unatoa vivuli na kila kitu kinanyanyuka. Fanyeni hivyo na tochi ya simu. Kugusa msiguse, jasho na mafuta ya mikono ya watu maelfu kwa siku yanaharibu jiwe, na sehemu nyingi wameweka kamba.

Mkiwa hapo mtazame na jinsi lilivyojengwa. Hakuna saruji wala chokaa kati ya jiwe na jiwe, sisi Kilwa tulijenga kwa matumbawe na chokaa, wao walichukua jiwe la mchanga kutoka chini ya milima ya Kulen, wakalileta kwa mifereji ya maji, wakalisugua juu ya mwenzake mpaka yakalingana. Utaona mstari mwembamba kama uzi, wewe unajua nguo, ni kama mshono wa fundi anayejiheshimu. Vile vitundu vya duara unavyoviona kwenye mawe, watu hudhani ni risasi, kweli alama za risasi zipo sehemu fulani kutoka miaka ya vita, lakini vile vya duara vilivyopangika ni vya kupachika vigingi vya kunyanyulia jiwe. Na angalia juu, paa limejengwa kwa mawe yanayosogea kidogo kidogo kutoka pande zote mbili mpaka yakutane, sio tao kama la msikiti mkuu wa Kilwa, na paa la namna hiyo haliwezi kuwa pana, ndiyo sababu jengo lote hilo kubwa ndani lina vishoroba vyembamba tu. Ukishaelewa hilo hutalalamika tena kwamba ndani hakuna ukumbi.

Ngazi ya juu kabisa, Bakan, ni wewe tu, mama asipande. Ngazi za asili zina mwinuko wa kama nyuzi 70, sasa kuna ngazi za mbao zenye vishikio lakini bado ni kali, na kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Wanaruhusu watu 100 kwa wakati mmoja, mabega na magoti yawe yamefunikwa kwa nguo, sio skafu ya kutupia tu mabegani, wanakurudisha. Mama akae chini kivulini na maji yake, wewe nusu saa umesharudi. Na msirudi tena magharibi mlikoingilia! Mwambieni dreva tangu asubuhi akawangojee geti la mashariki, kutoka kwenye ule ukuta wa bahari ya maziwa mnatoka nyuma ya hekalu, mnapita kwenye njia ya udongo chini ya miti mikubwa, kimya, watu wachache, mnatokea kwenye bajaji. Hiyo ya dreva kungojea upande wa pili itumieni kila hekalu, inaokoa nusu ya kutembea. Bei elewaneni kabla ya kupanda.

Jioni kama saa 9 nendeni Bayon. Kila mtu huko anapiga picha zile nyuso kubwa za mawe zinazotabasamu, na kweli ni nzuri, lakini ziko juu na ngazi tena, wewe panda, mama abaki kwenye ushoroba wa nje upande wa kusini, uko karibu chini kabisa. Na hapo dada ndipo pako wewe hasa. Bayon ni ya Jayavarman wa Saba, aliyetawazwa mwaka 1181, miaka minne baada ya Wacham, watu wa ufalme jirani wa Champa, kuja kuuvamia mji, na kwenye ukuta huo juu wanapigana kwenye majahazi ya makasia na chini yake wamechonga maisha ya kawaida kabisa, watu wanapika, wanapiganisha majogoo, mwanamke anajifungua, na soko. Mwaka 1296 alikuja Mchina mmoja na ujumbe wa mfalme wao, Zhou Daguan, akakaa karibu mwaka, akaandika kwamba nchi hii biashara iko mikononi mwa wanawake, soko linaanza kama saa 12 asubuhi linakwisha adhuhuri, hakuna maduka, kila mmoja anatandika mkeka chini na ana nafasi yake, na kusikia kwake nafasi hiyo inalipiwa ushuru kwa wakubwa. Soma hiyo halafu uwaangalie wale wanawake wa kwenye ukuta na mizani zao. Nilimpeleka pale mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, alikaa chini mbele ya ukuta akasema hawa ni sisi.

Hao Wacham nimewataja kwa sababu ya swali la mama. Wacham wa leo wa Kambodia wengi wao ni Waislamu, wana misikiti nchi nzima, na Siem Reap mjini kuna msikiti na jirani yake migahawa ya halali, kwa hiyo chakula na sala msiwe na wasiwasi. Kuhusu kuingia kwenye mahekalu, hukumu ya dini mimi sio mtu wa kuitoa, mama amuulize shehe wake anayemwamini kabla hamjalipa kitu, roho yake itulie. Ninachoweza kumwambia ni hali ilivyo: mnaingia kama watazamaji, hakuna anayewalazimisha kuinama wala kuchoma udi wala kutoa sadaka. Pale ndani ya Angkor Wat na Bayon kuna sanamu za Buda ambazo watu wanaziabudu kweli, mbele yao kuna akina mama wazee wanagawa vijiti vya udi na wakishakupa wanategemea hela, mkikataa kwa heshima na tabasamu hakuna ubaya. Mkikutana na wamonaki, yaani watawa wa Kibudha, mwanamke hamgusi mmonaki na hampi kitu mkononi. Mavazi yenu ya stara pale ndiyo yanayotakiwa, wenye shida ni wale wa kaptura.

Siku ya tatu asubuhi ondokeni mapema, kukodi gari dogo ni bora kuliko bajaji maana Banteay Srei iko kama saa moja kutoka mjini. Hili ndilo hekalu la mama. Ni dogo, tambarare, hakuna kupanda, na limechongwa kwenye jiwe jekundu la waridi ambalo asubuhi linawaka. Liliwekwa wakfu mwaka 967, miaka zaidi ya mia moja kabla Suryavarman hajatawala, tena halikujengwa na mfalme, lilijengwa na msomi wa ikulu aliyeitwa Yajnavaraha. Nakshi zake zina kina kama za milango ya Zanzibar, mchongaji ameingia ndani ya jiwe mpaka majani yanakaribia kuachana na ukuta. Mwaka 1923 kijana mmoja wa Kifaransa, André Malraux, alikuja hapa na wenzake wakazikata sanamu za ukutani wakazipakia, wakakamatwa Phnom Penh, na baadaye huyohuyo akawa waziri wa utamaduni wa Ufaransa. Zile sanamu zilirudishwa ukutani. Nyingine nyingi za nchi hii hazikurudi, mtaona kote mwili uko na kichwa hakipo, hiyo sio kazi ya wakati, ni ya msumeno. Desemba 2023 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilitangaza kuirudishia Kambodia sanamu 14. Kwa mtu wa pwani kama mimi ambaye nimeona milango yetu inavyonunuliwa na kupakiwa, habari kama hiyo nilifurahi kama imetokea nyumbani.

Njiani kurudi mtaona mivumo kila upande, na kando ya barabara watu wanachemsha maji yake kwenye makarai makubwa wanatoa sukari ya vidonge. Simameni, mama aonje.

Ta Prohm sitasema sana. Ni lile lenye miti iliyokalia kuta, mizizi imeshuka kama nta iliyoyeyuka, mwaka 1186 Jayavarman alilijenga kwa heshima ya mama yake mzazi, na maandishi ya pale yanataja kwamba nchi yake ilikuwa na hospitali 102. Wameweka njia za mbao lakini kuna mawe yaliyolegea, mama ashike mkono wako. Muone kwamba mti ule unaoupenda kwenye picha ndio unaobomoa ukuta na ndio huohuo unaoushika usianguke, ukiukata ukuta unashuka, ukiuacha unaupasua, wahifadhi wanaishi na tatizo hilo kila siku. Na mtu akikwambia mahekalu haya yalipotea msituni mpaka Mfaransa Henri Mouhot akayagundua mwaka 1860, mwambie hapana. Mji ulihamwa, ndio, karne ya 15, baada ya ukame na mafuriko yaliyoharibu mifereji na vita na Ayutthaya, ufalme wa Siam wa wakati huo, lakini Angkor Wat wamonaki hawakuondoka na watu wa vijiji waliendelea kuja. Ni maneno yaleyale wanayosema kuhusu Kilwa, kana kwamba wenyeji wa kisiwani hawakuwepo. Na utashangaa, mwaka 2004 Angkor ilitolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, mwaka huohuo Kilwa ikaingizwa, tukakaa humo mpaka 2014.

Kwenye mahekalu haya makubwa mabomu ya ardhini yalishasafishwa, tembeeni bila hofu, ila msiingie porini nje ya njia. Na hapo kuna kitu naomba msikiruke hata kama mmechoka. Mjini Siem Reap kuna kituo cha APOPO, hawa ndio wanaofundisha panya buku kunusa mabomu, na panya wao wanazaliwa na kufundishwa kwetu Morogoro, pale Sokoine. Mmoja, Magawa, alitoka Tanzania akapelekwa Siem Reap mwaka 2016, akanusa mabomu zaidi ya mia moja, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, akafa Januari 2022. Wanawaonyesha wageni jinsi panya anavyofanya kazi, anakimbia kwenye kamba yake, ananusa, anakwaruza chini pale penye baruti, anapewa ndizi, na ni mwepesi kiasi kwamba bomu halilipuki. Nusu saa tu, ni pa kukaa, hakuna ngazi. Wakulima wa pale wanalima mpunga kwenye mashamba yaliyosafishwa na panya wa Morogoro, mama atakwenda kulisimulia hilo Tanga nzima.

Watoto wakiwafuata na kadi za posta na bangili msinunue kwao, wanauza muda wa shule, nunueni kwa mama zao walioko kwenye vibanda.

Nitumie tarehe zenu kamili ukishakata tiketi, nikuangalizie kama ile siku ya Angkor Wat inagongana na siku takatifu ya Wabudha, ziko kama nne kwa mwezi na siku hizo Bakan inafungwa, itabidi tugeuze muanze na Banteay Srei.